Re: Mwaka 2024 angani kulitokea nini kikubwa?
Mkuu umeuliza 2024 angani kulitokea nini, mi naanzia Tokyo. Januari 2 pale Haneda, Airbus A350 ya Japan Airlines ilitua ikagongana na ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa kwenye ranwei, ikawaka moto, ila watu wote 379 wakatoka hai, wale wa ile ndogo ndo walikufa watano kati ya sita. Abiria waliteleza chini mabegi wameyaacha, sasa fikiria sisi wa basi la Dom kwenda Dar, mtu angeanza kwanza kutafuta kiroba chake cha karanga.

Siku tatu baadaye kule Marekani, Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines ikachomoka kipande cha ubavuni angani, wachunguzi wakasema bolti nne za kukishikilia hazikuwepo. Simu ya abiria iliokotwa chini nzima na chaji ipo!

Mbaya zaidi ni Desemba 29, Jeju Air kule Muan, Korea Kusini, ilitua kwa tumbo ikagonga tuta la zege, wakafa 179, wakapona wawili tu.

Kwetu Tanzania, Agosti ATCL, shirika letu la ndege, walileta Dreamliner (Boeing 787) ya tatu. Huku Dom uwanja mpya wa ndege wa Msalato ulikuwa bado unajengwa, ndege zilikuwa zinashuka palepale mjini juu ya mabati yetu.