Filamu ya 1952 yaonekana giza tupu: je, nakala ni mbovu?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kisauni. Kila Jumamosi majirani hukusanyika kwangu tukatazama filamu kwenye runinga ya inchi 55. Juzi tuliweka The Narrow Margin, filamu ya Marekani ya mwaka 1952, kwa sababu uliwahi kuisifu. Dada yangu aliye Uingereza ndiye aliyenitumia DVD yake. Tulitazama dakika ishirini tukazima. Picha ni giza, nusu ya uso wa mtu haionekani, kando kuna pau mbili nyeusi, na muziki hakuna hata kidogo, tukadhani sauti imekatika. Kijana wangu asema kuna programu ya kuitia rangi na kuing'arisha, na kwamba tuitanue ijae kioo. Je, nakala ni mbovu? Tuitengeneze vipi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Kwa maelezo hayo nakala yako ni nzima. Kilichowaharibia jioni ni runinga, na hiyo itatengenezeka kwa rimoti kabla chai haijachemka. Ila nakuomba sana, mzuie kijana asiitie rangi wala asiitanue. Filamu hii naipenda, na nimeitumia kuwafundisha vijana wanaojifunza kazi ya kamera kwangu, kwa hivyo uniwie radhi nikirefusha.

Kisa chenyewe ni chepesi. Askari kanzu wa Los Angeles, Walter Brown, anayechezwa na Charles McGraw, anamsindikiza kwa gari moshi kutoka Chicago mjane wa jambazi mmoja, anayechezwa na Marie Windsor, anayekwenda kutoa ushahidi. Ndani ya gari moshi wamo watu waliotumwa kumuua huyo mama. Wanajua yumo, lakini sura yake hawaijui. Basi. Sehemu kubwa ya filamu imo ndani ya mabehewa hayo, na kwa dakika 71 imekwisha.

Studio ya RKO iliitengeneza kama filamu ndogo, zile zilizokuwa zikionyeshwa pamoja na filamu kubwa ili mtu aone mbili kwa tiketi moja. Haikuwa na mwigizaji wa kuvuta watu mlangoni. Mwelekezi, Richard Fleischer, aliipiga kwa siku 13 mwaka 1950, kisha mwenye studio, Howard Hughes, akaizuia mpaka 1952. Kisa chake kiliteuliwa kuwania Oscar. Hata hivyo leo ukiitaja, wengi watakuambia wanaijua ile ya rangi ya 1990 aliyocheza Gene Hackman, iliyotokana na hii.

Sasa tuje kwenye giza. Umeshapita vichochoro vya Mji wa Kale usiku umeme umekatika, mlango mmoja uko wazi na ndani mna taa ya chemli? Mtu akisimama pale mlangoni kuzungumza nawe, upande mmoja wa uso wake unauona mpaka vinyweleo, na upande wa pili umemezwa. Ndivyo mpigapicha George Diskant alivyowasha taa zake. Sisi wa kazi hii kwa kawaida huweka taa kuu upande mmoja, halafu taa ya pili dhaifu upande wa pili ili kivuli kisiwe kizito. Kwenye harusi sithubutu kuiacha hiyo ya pili, maana mama wa bibi harusi ataniuliza kwa nini binti yake ana shavu moja. Diskant, kwenye picha nyingi za humu, hiyo taa ya pili ameipunguza sana au ameizima kabisa. Wewe mtazamaji unabaki kama Brown: unaona nusu tu ya kila anayekujia, na katika nusu usiyoiona unaweka hofu yako mwenyewe.

Kuna mahali mwanzoni, kwenye ngazi za jengo la kupanga. Mkufu wa yule mama unakatika. Shanga zinamwagika, zinaruka kipandio kwa kipandio kuteremka chini, na kamera inazifuata mpaka zinafika kwenye viatu vya mtu aliyesimama kivulini. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyesema kitu. Shanga zinang'aa kwa sababu zimezungukwa na weusi. Hapo ukiongeza mwangaza, weusi unageuka majivu, mtu unamwona kabla shanga hazijamfikia, na mshtuko wote umepotea. Nimewahi kuufanya mchezo huo makusudi darasani: nikaonyesha kipande hicho kimeng'arishwa, kisha kilivyo. Mara ya kwanza vijana waliendelea kuchezea simu. Mara ya pili simu zilishuka.

Na pau za kando. Filamu za wakati ule zilikuwa na umbo la 1.37 kwa 1, karibu na mraba. Runinga yako ni 16 kwa 9, yaani 1.78 kwa 1. Ukiitanua, kila kitu kinanenepa kwa asilimia 30. Ukiikuza ijae kioo, unakata karibu robo ya picha juu na chini, na katika filamu hii ya kofia utawakata watu kofia. Lakini dhambi kubwa zaidi ni kuutanua ujia wa behewa. Kabla ya SGR kuanza mwaka 2017, nimepanda mara nyingi gari moshi la usiku la Mombasa kwenda Nairobi na begi la kamera begani. Ule ujia wa mabehewa ya kulala, wawili mkikutana mmoja lazima ageuke, mgongo ukutani, avute tumbo, na mnaombana radhi huku pumzi zenu zinagusana. Fleischer ameijenga filamu yake yote juu ya ubanaji huo. Yupo abiria mmoja mnene, anayechezwa na Paul Maxey, ambaye akisimama ujiani askari anakwama nyuma yake wakati ana haraka ya kufa na kupona. Tanua picha, na ujia unakuwa barabara, Brown anapita bila shida. Ziache pau zako mbili nyeusi zikae kama kuta za behewa.

Jambo ambalo mimi, kama mtu wa kamera, hunifanya niitazame tena na tena ni mtikisiko. Ili behewa la bandia studioni lionekane linakwenda, desturi ilikuwa kulitikisa lenyewe. Fleischer alitaka kuokoa fedha na wakati, akalikaza sakafuni kabisa, kisha akaitikisa kamera badala yake. Mahali pengi kamera imeshikwa kwa mkono, jambo lisilokuwa la kawaida kwa studio za wakati huo. Tazama ugomvi wa Brown na mmoja wa majambazi ndani ya chumba kidogo cha behewa: kamera imo mle ndani pamoja nao, inagongwa, inakosa pa kukimbilia. Hakuna muziki. Unasikia viatu, pumzi, na magurudumu.

Muziki haujakatika, mwalimu. Haukuwekwa. Nyimbo unazozisikia ni za santuri anayoipiga yule mama mwenyewe, wala hakuna okestra ya kukuonya kwamba hatari inakuja. Kazi hiyo imepewa reli. Kuna mahali mama anasugua kucha kwa tupa, huku na huko, huku na huko, na mwendo ule wa mkono unageuka kuwa magurudumu ya gari moshi. Mara ya kwanza nilipouona mwunganiko ule nilirudisha nyuma mara nne.

Haya, rimoti. Fungua menyu ya picha. Bila shaka runinga iko kwenye hali ile ya kung'aa sana inayowekwa dukani ili ivutie wateja, mara nyingi imeandikwa Vivid au Dynamic. Itoe huko uipeleke kwenye Movie au Cinema. Hatua hiyo peke yake itakurudishia nusu ya nyuso mlizozikosa, kwa sababu ile hali ya dukani huzidisha tofauti ya mwanga na giza, na rangi zote za kijivu za katikati, ambazo ndizo uso wa mtu, zinasukumwa kwenye weusi. Umbo la picha liache kwenye 4:3.

Kisha zima ule ulainishaji wa mwendo. Kila kampuni ina jina lake, lakini kazi ni moja: filamu ina picha 24 kwa sekunde, na runinga hubuni nyingine za katikati na kuzipachika. Mtikisiko wa kamera niliousimulia unageuka kuteleza kama samaki, na filamu inafanana na video ya mkutano. Zima pia kipunguza chembechembe, na ukali wa picha ushushe karibu na sifuri. Zile chembe unazoziona zikicheza kwenye ukuta wa behewa si vumbi. Katika filamu ya nyeusi na nyeupe, chembe za fedha ndizo picha yenyewe. Runinga ikizifuta, inafuta na ngozi ya McGraw, uso uliokuwa kama jiwe la matumbawe unabaki kama sabuni.

Mwisho ni kiwango cha weusi, ambacho katika runinga nyingi huitwa Brightness. Simamisha picha mahali ambapo Brown amevaa kofia mbele ya ukuta wenye giza. Shusha Brightness polepole mpaka kofia imezama ukutani, kisha pandisha kidogo kidogo mpaka ukingo wake urudi. Hapo hapo, acha. Ukiona bado picha nzima inahitaji mwanga zaidi, ongeza Backlight, kwa maana hiyo ni taa iliyo nyuma ya kioo na haivurugi kiwango cha weusi ulichokiweka. Ukiona picha ina ubuluu au uwekundu, shusha Color mpaka sifuri na uchague joto la rangi la Warm.

Na msianze saa kumi na moja jioni jua likiingia dirishani. Subirini baada ya Isha, zimeni ile taa ya mrija ya ukutani, wekeni taa ndogo nyuma ya runinga ili macho yasichoke.

Nakala mbovu kweli utaijua kwa dalili nyingine. Giza likiwa limegawanyika vijiraba vijiraba vinavyorukaruka, hiyo faili imebanwa kupita kiasi. Nyuso zikiwa nyeupe kama karatasi bila kijivu chochote hata baada ya marekebisho haya, hiyo imenakiliwa kutoka nakala ya nakala. Vichwa vikiwa vimekatwa na hakuna pau kando, kuna mtu amekutangulia kuijaza kioo. DVD yako, kwa ulivyoieleza, haina hata moja.

Kuhusu rangi, mwambie kijana hivi: programu haijui gauni la Windsor lilikuwa la rangi gani, itabahatisha, na ikishabahatisha itapaka rangi hata kivuli. Halafu umwombe, mkifika mwisho, avitazame sana vioo vya madirisha. Usiku, behewa likiwa na taa na nje giza, dirisha huwa kioo cha kujitazamia, na yaliyomo humo sitayasema hapa. Nasema tu kwamba ni mwangaza hafifu, na kwa mipangilio mliyotumia juzi msingeuona.

Ukijaribu hivyo na ukingo wa kofia bado haurudi, nipigie picha ya menyu yako na ya kioo kikiwa kimesimamishwa, taa za chumba zikiwa zimezimwa, nami nitakuelekeza namba kwa namba.