Mkopo wa Halmashauri: Huyo Jamaa wa "Kusukuma Faili" Muogope

SWALI: Shikamoo anko. Mimi kijana wa miaka 26 niko Kihonda Morogoro, nimesomea kuchomelea tangu 2021 ajira hakuna, napata vibarua vya mageti tu siku mojamoja. Nikasikia ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 imerudi nikaenda kata, wakasema mtu mmoja hapewi mpaka kikundi. Sasa kuna jamaa anakusanya watu watano wa kujaza fomu, hela ikitoka tunagawana kila mtu anaenda na zake, ila kwanza kila mmoja atoe elfu 30 ya kusukuma faili. Niingie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiingie, na kama umeshampa kitambulisho chako nenda kakichukue leo.

Hiyo elfu 30 ni rushwa au ni utapeli, moja kati ya hayo, na vyote viwili havikupi mkopo. Ila mimi kinachonitisha zaidi ni hilo la kugawana. Mkopo unaandikwa jina la kikundi, kwa hiyo wenzako watatu wakihamia Dar na hela, deni lote linabaki hapo mlangoni kwako wewe uliyebaki Kihonda, halafu uje uniandikie tena unalia.

Na unajua kwa nini mikopo hii ilisimamishwa 2023? Ni mambo hayohayo, CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, aliandika kuhusu vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa, serikali ikafunga bomba, ikarudisha 2024 na masharti yamekazwa. Maana hela yenyewe si msaada wa mzungu bwana, ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ushuru wa soko, leseni, stendi, yaani hata mama yako akilipa ushuru wa genge amo humo. Katika hizo 10, wanawake wana asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Riba hakuna, ndio uzuri wake, lakini bila riba haimaanishi bure, wengi wanachanganya hapo.

Sasa wewe una ufundi mkononi, huo ni mtaji tayari. Tafuta vijana wanne mnaojuana kazi, mmoja anapiga rangi, mwingine anajua aluminiamu, mwingine anatafuta wateja, na awepo mmoja mbishi wa hesabu, huyo msimkose. Anzeni kuchanga kabla hata ya kuwaza mkopo, hata elfu 5 kwa wiki, miezi mitatu tu utamjua nani ni mtu na nani ni maneno. Halafu ndio katiba, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awasajili. Iliporudi 2024 kuna mahali pesa ilipitishwa benki kwa majaribio, kwa hiyo muulizeni yeye utaratibu wa kwenu ukoje.

Kwenye mchanganuo wa biashara msiandike "mtaji" halafu mkaweka namba kubwa. Nendeni dukani mchukue profoma, ile karatasi ya bei, ya mashine ya kuchomelea, grainda, vyuma vya kuanzia, kodi ya fremu, na luku msiisahau maana mashine ile inakula umeme kama haina akili nzuri. Fundi ana bahati moja, mteja wa geti anatoa advansi, kwa hiyo marejesho ya mwezi wa kwanza yanaweza kutoka kwenye kazi yenyewe. Mfuga kuku hana hiyo, anasubiri wakue huku deni linamwangalia. Ombeni kiasi ambacho hata mwezi wa mvua, kazi zimelala, mtalipa.

SWALI: Mimi nina ulemavu wa miguu, nashona viatu hapa Tanga. Wenzangu wenye ulemavu wako mbali, kikundi nitakitoa wapi?

JIBU: Dada, kwako ni tofauti, kanuni zilibadilishwa 2021 mtu mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa hata peke yake. Ukifika kata wakikuambia rudi na wenzio, waambie kwa upole uko kwenye ile asilimia 2 ya wenye ulemavu, wakigoma panda mpaka idara ya maendeleo ya jamii pale halmashauri. Beba na viatu viwili vitatu ulivyoshona, wavione.