Kumwajiri Mhudumu wa Kumsaidia Mama Mzee: Je, Ni Kuwaasi Wazazi?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwaka wa nne sasa namuuguza mama yangu nyumbani kwangu. Amepoteza kumbukumbu, mkojo haumzuiliki, na siku hizi hajigeuzi kitandani. Usiku humwita mama yake aliyekufa zamani. Mgongo umeniuma mpaka nikamtafuta mwanamke wa kunisaidia kumwosha siku tatu kwa wiki, namlipa kwa kodi ya nyumba ya mama. Kaka zangu wamekasirika. Wanasema nimemkabidhi mama kwa mgeni, nakula mali ya urithi, na wamemsikia mhubiri akisema anayemlipa mtu amwoshee mzazi wake amekosa radhi. Juzi, kwa uchovu, nilimkemea mama, akalia. Tangu hapo silali. Je, nimemwasi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba anayeulizwa kuhusu radhi ni yule aliyebaki, si wale walioondoka. Hapana, hukumwasi mama yako. Ulichofanya kinaruhusiwa, na kwa hali uliyoieleza naona ni wajibu kutafuta msaada, kwa sababu mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa 2, mchana na usiku, la sivyo ngozi inachubuka na kuwa vidonda. Kazi hiyo haiwezwi na mgongo mmoja. Mtume (S.A.W.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Ukianguka wewe, atadhurika na yeye.

Sasa nije kwa hoja ya huyo mhubiri, maana nimeisikia kwa wengine pia na inawavunja watu wanaofanya wema. Wanashika neno la Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa, aya ya 23, kwamba mzazi akifikia uzee “kwako” usimwambie hata “ah”. Wanasema “kwako” maana yake ni mikononi mwako peke yako. Aya haikusema hivyo. “Kwako” ni katika ulinzi wako na jukumu lako, na mama yako yuko nyumbani kwako. Anayeingia ni msaidizi, mama hakutolewa. Kisha waisome Suratul Baqara, aya ya 233. Mtoto mchanga ana haki kubwa ya kunyonya, na hata hivyo Mwenyezi Mungu amesema wazazi wakitaka kumtafutia mwanamke mwingine wa kumnyonyesha hakuna dhambi, maadamu wanamlipa kwa wema. Mtume wetu mwenyewe alinyonyeshwa na Bibi Halima. Kuna aliyethubutu kusema Bibi Amina alimtelekeza mwanawe? Ikiwa maziwa, yatokayo mwilini mwa mama, yanaweza kutolewa na mwingine kwa ujira, basi ndoo ya maji na kitambaa vitaharamishwa kwa dalili gani?

Husimulia pia habari ya mtu aliyembeba mama yake mgongoni akitufu Al-Kaaba, akamuuliza Ibn Umar, sahaba wa Mtume, kama amemlipa mama wema wake, akajibiwa: hata uchungu mmoja wa kuzaa hujaulipa. Habari hii ni hoja dhidi yao. Kama kumbeba kwa mgongo wako mwenyewe hakulipi, basi wema kwa mzazi haupimwi kwa mgongo wa nani uliobeba.

Kuhusu mali, jambo hili wengi wanaliharibu. Mama yako yu hai. Hakuna urithi. Kodi ya nyumba yake ni yake, na matumizi yake yanaanza hapo: dawa, nepi, ujira wa mhudumu, godoro linalomfaa. Anayetaka fedha hizo ziwekwe mpaka afe ndiye anayeidai mali isiyo yake. Zikiisha, matumizi ya mzazi asiye na kitu ni wajibu kwa watoto wake wenye uwezo. Mwanachuoni wa zamani Ibn al-Mundhir ameinukuu ijmai, yaani makubaliano, ya wanachuoni katika hilo. Kaka zako wamo, tena kwanza. Ila nawe andika kila unachotoa, kwa tarehe, na uwaonyeshe. Wewe ni mwenye amana, na daftari litakukinga na dhana.

Mhudumu awe mwanamke mwaminifu. Amsitiri: afunue sehemu anayoiosha tu, avae glavu, amwambie mama kabla ya kumgusa, hata kama haonekani kuelewa. Mpeni ujira wake kwa wakati na siku yake ya kupumzika. Swala ya mama isikutie wasiwasi. Wakati akili haipo, kalamu imeinuliwa kwake, yaani haandikiwi dhambi, na hakuna kulipa swala zilizompita. Siku akili ikimrudia, mbadilishe nepi, atawadhe baada ya wakati kuingia na aswali kwa namna anayoweza, hata mkojo ukidondoka katikati ya swala.

Ama lile kemeo, ndiyo, ni kosa, sitakudanganya. Lakini tazama aya ya 25 ya sura ileile, iliyokuja mara tu baada ya amri ya kuwainamishia wazazi bawa la unyenyekevu: Mola wenu anajua yaliyomo nafsini mwenu, mkiwa wema, Yeye ni Mwenye kuwasamehe wanaorejea. Said ibn Jubayr, mwanachuoni wa kizazi kilichowafuata masahaba, alisema inamhusu mtu anayeponyokwa na neno kwa wazazi wake hali moyo wake unakusudia wema. Mwenyezi Mungu alijua kuwa uuguzi una siku hizo, akauweka mlango wa toba palepale. Mbusu kichwa, mwombe radhi hata kama atasahau baada ya dakika moja, ulale.

Anapomwita mama yake, usimwambie kila usiku kuwa amekufa. Kwake hiyo ni habari mpya, na utamfisha mara mia. Usimdanganye pia kwamba anakuja. Mwambie, “Nisimulie habari zake,” kisha muombeeni dua pamoja. Mara nyingi anayemwita mama anatafuta mtu wa kuketi karibu naye, nawe uko karibu.

Mume wako na wanao nao wana haki. Salman alimwambia sahaba mwenzake Abu Dardaa kuwa Mola wako ana haki, nafsi yako ina haki na ahali zako wana haki, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema Salman amesema kweli. Siku anapokuja mhudumu, usizijaze kwa kazi nyingine za nyumba. Lala.

Kaka zako wasomee jibu hili. Wakikubali kuwa mama ni wao pia, mpange pamoja nani atakuja usiku gani, na waanze juma hili.

Wallahu a'lam.