Nyie mnaofunga stata mpya kwenye gari za zamani, njooni hapa

Leo asubuhi nimemkuta dogo kainamia Land Rover 109, stata mpya ya ridaksheni (ile yenye gia za kupunguza mwendo ndani) kaifunga safi, nati kakaza, halafu kwenye waya kafanya kilekile nilichofanya mimi miaka ile. Nikamwambia weka spana chini kwanza. Naandika na nyie wengine msome, nimechoka kupigiwa simu usiku.

1. Toa negative ya betri kabla hujagusa kitu. Waya mnene wa stata hauna fyuzi, na kwenye hizi mpya una umeme muda wote hata funguo ikiwa mfukoni kwa mwenye gari. Mimi nina alama kidoleni, pete iligusa umeme ikaniunguza.

2. Asi jamani, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Injini imekalia raba, na vumbi letu hili la Dodoma linaingia kila kiungo. Sugua mpaka chuma king'ae, vuta waya mnene toka injini mpaka chasisi.

3. Solenoidi ya zamani, ile swichi nzito ya umeme wa stata iliyofungwa kwenye bodi. Haya, hapa nikae kidogo, ndipo dogo alipokosea.

Kuna mzee wa Mpunguzi aliniletea 109 yake, nikamfungia stata mpya ambayo ina solenoidi yake mgongoni. Kwa uvivu nikaacha waya mnene upite kwenye solenoidi ya zamani kama ulivyokuwa, halafu pale kwenye stata nikachukua kawaya kafupi nikaunganisha boliti kubwa na taminali ndogo ya kuamsha solenoidi. Ukiwasha vyote vinapata umeme pamoja, gari inawaka chap, nikajiona injinia. Kumbe stata hizi nyingi zina sumaku ndani, ukiachia funguo mota bado inazunguka na inazalisha umeme wake, unapita kwenye kale kawaya na kuishikilia solenoidi, meno ya stata hayatoki kwenye flaiwili (gurudumu la injini linalozungushwa na stata) mpaka mota ipoe mwendo. Mzee akanipigia, "fundi, mbona inalia hata nikiachia funguo?" Nikamjibu ni mpya hiyo mzee wangu, inajizoesha. Inajizoesha! Aibu hii naibeba mpaka leo.

Wiki ya tatu, msimu wa zabibu, kapakia kreti mpaka juu, kazima gari njiani amsalimie ndugu yake, kuwasha tena stata inazunguka tupu. Bendiksi, ile gia ya stata inayong'ata flaiwili, imekufa. Kusukuma na mzigo ule haiwezekani, jua la saa nane, zabibu zinaiva mara ya pili. Nikaenda na bodaboda nimepakata stata yake ya zamani niliyokuwa nimeitupa kona ya gereji. Nimelala chini ya gari juisi ya zabibu inanidondokea kwenye paji la uso, nzi wamejaa, mzee kachuchumaa pembeni hana hata hasira, ananiambia tu, "mwanangu, si nilikwambia inalia?" Stata nyingine nilinunua kwa hela yangu.

Kwa hiyo waya mnene toka betri uende moja kwa moja kwenye boliti ya stata. Solenoidi ya zamani iache pale pale ifanye kazi ya relei, yaani swichi inayowashwa na funguo, itoe waya wa milimita nne za mraba kwenda taminali ndogo, basi. Na usipeleke waya wa swichi ya funguo moja kwa moja, solenoidi mpya inavuta ampea nyingi, utaunguza swichi ya watu.

4. Kama kuna waya mwembamba ulikuwa unatoka solenoidi ya zamani kwenda koili ya cheche za plagi, usiutupe, ndio unaipa koili umeme kamili wakati wa kupiga stata.

5. Gari za Uingereza za mwanzoni mwa miaka ya 60 nyingi positive ndiyo iko kwenye bodi. Ukifunga stata ya sumaku hapo itazunguka kinyume, na wewe utabaki unalaumu duka.

6. Ukimaliza pima. Multimita toka positive ya betri mpaka boliti ya stata mwenzako akipiga stata, ikizidi nusu volti rudi kwenye viungo. Multimita yangu iko droo ya pili, na nimeihesabu.