Umemaliza uzamivu wa sayansi na unataka kubaki chuoni: tafuta swali lako mwenyewe

Mkuu, umesema umeshatetea tasnifu yako ya biolojia ya seli, unataka siku moja uwe mhadhiri mwenye maabara yako, na msimamizi wako amekuahidi mkataba wa utafiti hapohapo ulipo. Unauliza uukubali au la. Nimepita njia hiyo, na miaka ya karibuni nimekaa kwenye kamati za kuajiri wahadhiri, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Wingi wa makala hukufikisha kwenye orodha fupi tu. Tukishabaki na waombaji wachache, wote hodari, mjadala huhamia hapa: huyu akitoka kwa msimamizi wake, atatafiti nini? Mtu ambaye kila makala yake ameandika na msimamizi yuleyule, juu ya mada ileile ya tasnifu, ni mgumu sana kumtetea. Hatuwezi kujua mawazo ni ya nani. Inauma, kwa sababu mara nyingi ni ya kwake.

Ndiyo maana ningekushauri uhame. Wafadhili nao wanasukuma huko. Human Frontier Science Program, ambao hufadhili watafiti wachanga kwa miaka 3, wanataka mradi ulio tofauti kabisa na kazi yako ya uzamivu. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya haumpokei aliyeishi au kufanya kazi katika nchi anayoiombea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Angalia hilo kwa makini: anayehamia kwanza kwa mkataba mwingine, akitegemea kuomba akiwa hukohuko, anaweza kujikuta amepoteza sifa.

Ukipata maabara unayoitaka, muulize kiongozi wake kabla ya kusaini: nikiondoka hapa, naondoka na mradi gani? Wa kwangu alinijibu kwa barua pepe, akataja sehemu ya kazi ambayo ingekuwa yangu na ambayo yeye hangeigusa. Barua ile ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuandika andiko langu la kwanza la kuomba ruzuku. Akikwepa swali, watafute waliowahi kufanya kazi kwake, uwaulize waliondoka na nini. Hao watakueleza ukweli kuliko tovuti ya maabara.

Andiko la utafiti, yaani maelezo ya utakachotafiti ukiwa na maabara yako, usilisubirishe mpaka nafasi ya kazi itangazwe. Andika kurasa mbili mwaka wa kwanza, umpe mtu wa fani nyingine asome, maana kwenye kamati utakutana na mkemia na mwanafizikia ambao hawajui protini yako ni nini. Ruzuku ndogo pia ziombe, hata ya vitendanishi tu. Inaonyesha kuna watu walilipima wazo lako wakalitolea fedha.

Majina kwenye makala yajadiliwe mapema, kabla rasimu haijaanza. Majarida mengi sasa hutumia mfumo wa CRediT, unaotaja kila mwandishi alifanya nini, wenye aina 14 za mchango. Kama wazo ulilibuni wewe, hilo liandikwe. Usikubali kutajwa kwenye kufanya majaribio peke yake.

Kufundisha: kozi moja uliyoishika mwenyewe, kuanzia muhtasari hadi kusahihisha mitihani, ina uzito kuliko vipindi vingi vya kusaidia maabara za wanafunzi. Na tafuta angalau mdhamini mmoja, yaani mtu wa kukuandikia barua ya mapendekezo, nje ya maabara zako. Wa aina hiyo hupatikana mikutanoni, ukisimama kwenye bango la utafiti wako badala ya kuliacha ukaenda kunywa chai.

Kwa msimamizi wako, omba miezi michache ya kumalizia makala za tasnifu, si mkataba wa miaka. Makala zisizokamilika zitakula jioni zako zote ukiwa maabara mpya. Ukishapata rasimu ya hizo kurasa mbili, hata kama bado mbichi, nitumie nikusomee.