Kupika majumbani kwa watu: bei, tui na leseni (tena)

Wiki hii ni zamu ya maswali ya wanaopika kwenye majiko ya wateja wao: unafika na kikapu, unapika vya wiki nzima, unapanga friji, unaosha vyombo, unaondoka.

Mume wangu ameacha uhasibu, mimi nimeacha uuguzi. Tumepata mteja wa kwanza Mbezi Beach, Dar es Salaam, watu wanne, milo mitano kwa wiki. Tumemtajia shilingi 5,000 kwa sahani. Ni sawa?

Si sawa, na ajabu ni kwamba nyumba yenu ina mhasibu. Sahani 20 kwa 5,000 ni 100,000, na humo humo mmetia nyama, mchele, mafuta na nauli. Bei ya sahani ni ya mama lishe, ambaye sufuria yake moja inalisha watu hamsini. Ninyi mnauza saa zenu.

Zihesabuni basi. Kupanga vyakula na kuelewana na mteja, saa 1. Sokoni, saa 2. Kwenda na kurudi, saa 2. Kupika, saa 5. Kuosha na kupanga friji, saa 1. Hizo ni 11 za mtu mmoja. Mkiingia jikoni wote wawili, saa za safari, kupika na kuosha zinajirudia, mnafika 19. Jiko la nyumbani lina plati nne. Mtu wa pili atasimama akikata vitunguu vilivyokwisha kukatwa. Mmoja aende sokoni, afikishe mzigo kwa mteja, aondoke akatafute mteja wa pili. Hapo ni kama saa 12. Tuseme saa moja mmeipa 8,000: ujira wenu ni 96,000, na vyakula mteja analipa kando kwa risiti, fedha ya sokoni ikitangulia. Msimkopeshe mtu nyama.

Jambo ambalo hamkuuliza: hamkupaswa kuacha kazi wote kwa mpigo. Mshahara mmoja ulipaswa kubaki mpaka mpate wateja wanne wa kila wiki, wadumu miezi mitatu.

Mteja analalamika mchuzi wa samaki wa nazi ulichacha siku ya pili, na uliwekwa kwenye friji. Friji lake bovu?

Huenda friji ni zima kabisa. Niambie: uliuweka na sufuria yake, ukiwa wa moto, umefunikwa? Wengi hufanya hivyo kwa sababu muda wa kuondoka umefika. Sufuria ya lita nane ikijaa, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu huzaliana. Tena inapasha joto kila kilichomo ndani ya friji.

Mimina kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5. Ikalishe kwenye beseni la maji ya barafu, koroga, usifunike mpaka mvuke uishe. Ndani ya saa 2 iwe imeingia kwenye friji. Wali nao ni hivyo hivyo. Watu huogopa samaki wakausahau wali, nao una kijidudu ambacho mbegu zake haziuawi na kuchemka.

Dawa nzuri zaidi ni kutotia tui zito kabisa. Pika rojo la nyanya, vitunguu na viungo, pakia. Tui zito ligandishe kwenye vikopo vidogo. Mteja alitie siku ya kula, akoroge lisikatike. Chochote cha baada ya siku ya tatu kiende friza. Viazi vya kuchemsha havigandi vizuri, vinakuwa kama sponji. Chapati na maharage vinaganda bila matata.

Leseni ni lazima?

Ndiyo. Jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, yaani mamlaka ya mapato, leseni ya halmashauri, na wote wawili mkapime afya. Nimelijibu hili mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Na mnaoniandikia kuhusu TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa: masuala ya chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019.

Tupikie kwetu kisha tupeleke?

Hiyo ni biashara nyingine, yenye ukaguzi wa jiko lenu na chakula cha moto kwenye foleni ya Bagamoyo Road. Chagueni moja.

Nani awe mkubwa jikoni, mume au mke?

Aliyeandika orodha ya siku hiyo. Mkibishana chumvi mbele ya mteja, hatawaita tena.

Mtoto wa mteja hali karanga, zinamdhuru. Nikiosha vyombo vizuri inatosha?

Kwa sufuria ya chuma, inatosha. Kinu, mwiko na ubao wa mbao usivitumie: nyufa zake hushika unga wa karanga. Nunua vipya, vibaki nyumbani kwake. Mafuta yaliyokwisha kukaangia kwingine usiyabebe. Mwombe mama mtu akuandikie kwa ujumbe kila kinachomdhuru mtoto, kabla ya siku ya kwanza. Halafu angalia kisamvu: mkono umezoea kukiunga kwa karanga bila hata kufikiri.