Jino la kupandikiza: ulizia shingo yake kabla ya kuulizia nchi lilikotengenezwa

Tangu niwekewe jino la kupandikiza, yaani skrubu ya chuma cha titani inayozamishwa kwenye mfupa wa taya kisha jino la bandia likafungwa juu yake, watu wananiuliza mambo mawili: liliuma kiasi gani, na lilikula shilingi ngapi. Wachache hutaka kujua kama ni la Ulaya au la Korea. Kuhusu uso wa chuma chenyewe, hakuna. Kwangu mimi lilikuwa swali la kwanza, maana riziki yangu naipata kwenye mashine ya kukereza vyuma, na huko shafti yenye vipimo sahihi lakini uso mbovu hurudishwa na mteja.

Skrubu za mwanzo za titani, zile za Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, zilikuwa za kukerezwa tu. Mfupa ulizishika, ila taratibu. Siku hizi sehemu inayozama mfupani hupigwa chembechembe ngumu kwa upepo wa nguvu, kisha ikachovywa kwenye asidi, ikabaki na mikwaruzo ya maikroni 1 hadi 2 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa kidole huisikii. Seli za mfupa zinaisikia, na zinaishika haraka zaidi.

Fizi haitaki hivyo. Kwenye jino la kuzaliwa nalo, nyuzi za fizi zimejichimbia ndani ya mzizi. Kwenye titani hazijichimbii. Zinapita kandokando, na kinachoziba mlango ni tabaka jembamba la seli lililojibandika kwenye chuma. Damu nayo inayofika hapo ni kidogo kuliko kwenye jino la asili. Kwa hiyo shingo, pale chuma kinapotoka mfupani na kupenya fizi, inafanya kazi ya shafti inayopita kwenye sili ya oili. Shafti ikiwa na mikwaruzo, sili inalika na oili inavuja. Mdomoni kinachovuja kinakwenda ndani: ukoga unajishikiza kwenye mikwaruzo, bakteria wanashuka, fizi inavimba.

Basi ing'arishwe mpaka iwe kioo? Hapana, na hili mafundi wenzangu watalielewa, kwa sababu hata shafti iliyozidi ulaini inaunguza sili. Watafiti walikuta kwamba ukishashuka chini ya maikroni 0.2, kuzidi kung'arisha hakupunguzi tena ukoga. Wapo watengenezaji wanaochora vifereji vidogo mno kwa leza kwenye shingo, kwa kuwa seli za fizi hupenda kufuata mfereji. Wazo hilo nimelipenda, japo langu halina.

Kabla hujakubali kupasuliwa, muulize daktari: sehemu ya kukwaruza inaishia wapi? Inatakiwa ibaki ndani ya mfupa. Kipande kinachopita kwenye fizi ni titani iliyong'arishwa au zirkonia, ile kauri ngumu nyeupe? Na jino la bandia linalokaa juu yake litafungwa kwa skrubu au kwa saruji, ile gundi ya meno? Saruji ikibaki chini ya fizi inakuwa uso mwingine wa kukwaruza ambao hakuna aliyeupanga. Uliza pia kile kifuniko cha muda kinachokaa juu ya skrubu kabla ya jino kufungwa kitafunguliwa mara ngapi. Kila kikifunguliwa, fizi iliyokwisha kujibandika inachanika na kuanza upya. Daktari wangu alipanga vipimo vyote vichukuliwe kwa mkupuo mmoja, nikashukuru.

Wiki za kupona hazina maajabu: maji ya chumvi ya uvuguvugu, dawa ya kusukutua ya klorheksidini kwa siku ulizoandikiwa tu (inatia meno rangi ya kahawia), chakula laini. Sigara weka kando kabisa. Mwenye kisukari, sukari ishuke kwanza.

Kazi kubwa inakuja baadaye, ya kutoikwaruza shingo. Nilipokwenda kusafishwa, mhudumu alishika kile kindoano cha chuma cha kukwangulia ugaga. Nikamwomba asiguse titani nacho. Chuma kigumu kinaichora, nalijua hilo kutoka mezani kwangu. Hakukasirika, akaleta cha plastiki. Nyumbani achana na mkaa uliosagwa, majivu, magadi na pini. Tumia mswaki laini, na kile kibrashi cha katikati ya meno chenye waya uliovikwa plastiki.

Ukiona damu kila ukipiga mswaki hapo, usisubiri maumivu, kwa sababu mwanzoni haiumi. Uvimbe wa fizi peke yake unatibika na kurudi sawa. Mfupa ukishaliwa ni shida kuurudisha. Nenda wiki hiyohiyo, na uombe eksirei mpya ilinganishwe na ile ya siku ulipofungwa jino.